Tasnifu za ubunifu zisizomjua fundi

Pitia rafu ya tasnifu za uzamili katika usimamizi wa teknolojia na ubunifu, Tanzania au Kenya, na kuna kichwa kimoja utakachokikuta kila mwaka kimevalishwa nguo tofauti: "Mambo yanayochangia matumizi ya huduma za fedha kwa simu miongoni mwa wafanyabiashara wadogo: utafiti wa Manispaa ya..." Manispaa inabadilika. Huduma nayo inabadilika: mwaka huu fedha kwa simu, mwakani mashine za kutolea risiti, mwaka unaofuata umeme wa jua. Ndani yake kuna dodoso linaloanzia "sikubali kabisa" na kuishia "nakubali kabisa", na sura ya mwisho inatangaza kuwa watu hutumia teknolojia wakiona ina manufaa na haiwasumbui.

Hilo tuliambiwa mwaka 1989, Fred Davis alipochapisha modeli yake ya ukubalifu wa teknolojia huko Marekani. Modeli ilikuwa nzuri na bado ni nzuri kwa kazi yake. Lakini kuithibitisha upya Kinondoni, kisha Kisumu, kisha Mbeya, hakumpi mwenye karakana, mwenye kampuni wala afisa wa wizara kitu cha kufanyia uamuzi. Na mwanafunzi aliyetumia mwaka mzima na ada ya familia yake kwa kazi hiyo anaondoka chuoni bila kujua ubunifu hufanyikaje.

Sisemi haya kuwabeza wanafunzi. Nimesoma maombi mengi ya kuandika tasnifu katika fani hii, na ninachokiona ni watu wenye akili nzuri, wengi wao wameshafanya kazi kwenye kampuni za simu, benki, viwanda au halmashauri, ambao huyaacha mlangoni yale wanayoyajua na kuandika kile wanachodhani jopo linataka kusikia. Tasnifu huharibika hapo, kwenye kurasa mbili tatu za ombi, miezi mingi kabla ya dodoso la kwanza kuchapwa.

Ukitaka kujua kwa nini wanafanya hivyo, kaa kwenye kikao cha kutetea mapendekezo ya utafiti. Mwanafunzi anamaliza kueleza, na swali la kwanza kutoka mezani ni: "Sampuli yako ni watu wangapi, na umeipataje?" Anayejibu kwa fomula ya Yamane ya mwaka 1967 anapumua. Fomula yenyewe ni nyepesi. Wafanyabiashara wakiwa 2,000 na kiwango cha kosa kikiwa asilimia 5, unapata watu 333. Ukiona 333 ni wengi kwa nauli uliyonayo, unapandisha kosa hadi asilimia 10, na papo hapo watu 95 wanatosha. Hesabu hiyo hupita, na ni nadra mtu kuuliza kosa limepanda kwa sababu gani. Lakini mwanafunzi akisema atafuatilia karakana tatu kwa miezi minne, ahoji wenye karakana, mafundi na wateja wao, kisha alinganishe mashine ya kwanza waliyotengeneza na ya hivi karibuni, anaambiwa: "Tatu tu? Hizo ni hadithi."

Jopo linakosea hapo, na kosa hilo lina gharama. Fomula ya Yamane humsaidia anayetaka kukadiria ni asilimia ngapi ya watu katika kundi kubwa wana tabia fulani. Haina la kusema mtu anapouliza jambo limetokeaje au kwa nini limetokea hapa na si pale, na hayo ndiyo maswali makubwa ya fani hii. Uchunguzi wa kisa kimoja au visa vichache una masharti yake, na si mepesi: kisa kichaguliwe kwa sababu inayoelezeka, ushahidi utoke kwenye vyanzo zaidi ya kimoja, na maelezo yanayopingana na yako yapewe nafasi ya kweli ya kushinda. Mwanafunzi anayeyajua masharti hayo na kuyaandika kwenye ombi lake si rahisi kumwangusha kwa swali la sampuli. Tatizo ni kwamba wengi hawafundishwi. Somo la mbinu za utafiti linamalizikia kwenye fomula na programu ya takwimu, na mwenye wanafunzi wengi wa kusimamia anaona dodoso ni salama: linasimamika kwa haraka, sura zake zinajulikana, na mtahini wa nje hatauliza sana.

Fani hii ilijengwa ili kujibu maswali ya watu wanaoamua. Kifaa kipya kitengenezwe ndani au kinunuliwe? Mchoro ulindwe kwa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, au uachwe kila mtu aige? Mshindani ashirikishwe au akwepwe? Mradi unaokula fedha uendelezwe au ufungwe? Mwenye kuyajibu maswali hayo hapatikani kwa kusimama sokoni na karatasi za kuweka alama ya vema.

Chukua M-Pesa, ambayo maombi mengi huitaja kwenye utangulizi na machache huichunguza. Jaribio lake lilianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika. Vodafone na Safaricom, kwa kusaidiwa na ruzuku ya serikali ya Uingereza, walishirikiana na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Walichotengeneza kilikuwa njia ya mkopaji kupokea mkopo na kuurejesha kwa simu. Sasa mfikirie mwanafunzi wa wakati ule akienda na dodoso lake. Unaona ni rahisi kurejesha mkopo kwa simu? Nakubali. Utaendelea kuitumia huduma hii? Nakubali kabisa. Angeandika tasnifu ya marejesho ya mikopo, akahitimu, na jambo kubwa lingempita pembeni. Maana wakopaji walikuwa wanafanya mengine kabisa: wanatumiana pesa wao kwa wao, wanawalipia wenzao marejesho, wanaweka fedha kwenye simu kabla ya safari ili wasitembee na noti mfukoni. Kwa upande wa Faulu, mfumo mpya uligongana na vitabu vyao vya hesabu na utaratibu wa vikundi, kwa sababu mwanachama anayerejesha kwa simu haoni tena haja ya kuhudhuria kikao cha kikundi. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliolisimamia jaribio hilo, waliyaona yote mawili. Mkopo ukawekwa pembeni, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ilibeba ujumbe mmoja tu, wa kutuma pesa nyumbani.

Kuachana na lengo ulilolianzia, ukiwa tayari umetumia fedha za mfadhili na muda wa mshirika, ni uamuzi wa kiusimamizi. Nani aliuunga mkono na nani aliupinga? Ushahidi gani ulimridhisha aliyekuwa na wasiwasi? Mshirika aliyekuja kwa ajili ya mikopo aliambiwaje? Hizo ndizo tasnifu.

Kisha vuka mpaka. Vodacom ilizindua M-Pesa Tanzania Aprili 2008, kwa jina lile lile. Miezi 14 baada ya uzinduzi, Kenya ilikuwa imefikisha watumiaji milioni 2.7. Tanzania, baada ya miezi 14 yake, ilikuwa na takriban 280,000. Manufaa ya huduma na urahisi wa menyu havielezi tofauti ya karibu mara kumi, kwa kuwa aliyetaka kumtumia mama yake pesa Tabora hakuwa na haja ndogo kuliko aliyetaka kumtumia wake Kakamega. Maelezo yako kwingine. Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa zaidi ya soko lake kuliko Vodacom. Ada zilipangwa tofauti. Mawakala walitafutwa, wakafundishwa na kusimamiwa tofauti, na wakala asiye na floti, yaani akiba ya kuhudumia wateja, saa nne asubuhi anaua huduma haraka kuliko ubovu wowote wa programu. Vodacom ilijirekebisha njiani, ikiwemo kuwapitishia mawakala wakuu kazi ya kusajili mawakala wadogo na kuwagawia floti. Waliofanya kazi hiyo miaka ile wengi wapo, wana kumbukumbu, na baadhi wana madaftari. Sijui mwanafunzi wa uzamili angetaka nini zaidi.

Na kuna kisa cha mwaka 2014, ambacho kwangu ni kitamu kuliko vyote. Tigo, Airtel na Zantel, kampuni zilizokuwa zikinyang'anyana wateja kila siku, zilikubaliana mteja wa mmoja aweze kumtumia mteja wa mwingine pesa moja kwa moja kutoka pochi hadi pochi. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kufika hapo kwa makubaliano ya kampuni zenyewe. Vodacom, iliyokuwa kubwa kuliko wote katika fedha za simu, iliingia mwaka 2016. Kwa nini mkubwa aingie wa mwisho? Anapoteza nini na anapata nini? Wadogo walikubaliana vipi nani amlipe nani kwa kila muamala? Swali hilo moja lingempeleka mwanafunzi kwenye nadharia za ushindani na ushirikiano, kwenye ofisi za kampuni, na Benki Kuu, na angerudi na kitu ambacho nchi inayopanga kuunganisha mifumo yake ingekisoma kwa kalamu mkononi.

Dodoso la ukubalifu lina kasoro nyingine, na hii inaniuma zaidi. Linamwona mtu wetu kama mpokeaji. Teknolojia imekuja, je, umeikubali? Lakini Paul van der Boor, Pedro Oliveira na Francisco Veloso walipochunguza chimbuko la huduma za fedha kwa simu duniani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walikuta kuwa asilimia 85 ya ubunifu katika eneo hilo ulianzia kwenye nchi zinazoendelea, na kwamba angalau nusu ya huduma hizo zilianzishwa na watumiaji wenyewe. Hatukuhitaji utafiti kuliamini hilo. Wengi wetu tunakumbuka kumsomea ndugu wa kijijini namba za vocha ili akaziuze dukani apate hela ya dawa. Huo ulikuwa mfumo wa malipo, na haukubuniwa na kampuni yoyote. Eric von Hippel wa chuo cha MIT amekuwa akisema tangu miaka ya 1980 kwamba watumiaji walio mbele ya wenzao kwa mahitaji hubuni kabla ya viwanda. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa amekulia katikati ya ushahidi wa hoja hiyo, halafu anaandika ombi la kwenda kuwauliza watu hao hao kama wanaikubali teknolojia.

Jiko la mkaa nalo lina tasnifu zake. Yale majiko yenye bati nje na udongo ndani, yaliyobanwa kiunoni, yalitengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, lakini halikuchukuliwa kama lilivyo. Wataalamu wa nishati na mafundi bati, wakiwemo wa Shauri Moyo jijini Nairobi, walilibadilisha hadi likafanana na jiko la bati ambalo wapishi walishalizoea na likaweza kutengenezwa kwa nyundo na mkasi wa bati. Kiuno kile kina kazi: udongo unakaa nusu ya juu tu, umeshikwa. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na udongo uliopasuka au kuchomoka. Halafu kazi ikagawanyika: wafinyanzi wanachoma udongo, mafundi bati wanakunja bati, na mtu wa tatu anaunganisha na kuuza. Hapakuwa na hataza ya kumzuia mtu, basi kila aliyeweza aliiga, bei ikashuka, na jiko likasambaa hadi Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia. Lakini uigaji huo huo ulileta udongo mbovu usiodumu, na mnunuzi hakuwa na njia ya kujua kwa kutazama. Hapo pana maswali matatu au manne ya uzamili: udongo ukipasuka ndani ya mwezi, hasara ni ya mfinyanzi, ya fundi bati au ya muuzaji? Nani analinda ubora pale ambapo hakuna mwenye jina la biashara? Je, kuacha mchoro wazi kulisaidia zaidi au kuliumiza zaidi?

Ombi zuri, basi, linafananaje? Nitalichukua jambo la kawaida, mashine za kupukuchua mahindi, na kutunga mianzo miwili. Wa kwanza ni huu: "Teknolojia ya kilimo ina umuhimu mkubwa katika maendeleo ya taifa. Licha ya juhudi za serikali, matumizi ya mashine za kupukuchua mahindi bado ni madogo. Utafiti huu unalenga kuchunguza mambo yanayochangia hali hiyo." Hakuna uongo ndani yake. Hakuna mtu pia. Ungeweza kufuta mahindi ukaweka mpunga, ukafuta mashine ukaweka bima, na sentensi zingesimama vile vile.

Wa pili: "Karakana ndogo zinazotengeneza mashine za kupukuchua mahindi kwa kawaida huanza kwa kuiga mashine iliyopo. Wakulima wakishainunua huibadilisha tena: huongeza kinywa ili gunia limwagwe kwa mkupuo mmoja, huifunga magurudumu ivutwe na pikipiki, hubadilisha puli ili ikubali injini waliyonayo. Karakana mbili kati ya tatu nilizotembelea huyarudisha mabadiliko hayo kwenye mashine inayofuata. Ya tatu haifanyi hivyo, ingawa iko mtaa huo huo na inanunua chuma duka lile lile. Nataka kujua kwa nini. Zote tatu zimekubali nirudi, na moja imeniruhusu kusoma daftari lake la oda."

Msimamizi anayesoma huu wa pili ana la kushika. Swali lina majibu yanayoweza kushindana: labda karakana ya tatu haikutani na wateja wake baada ya kuuza, labda fundi mkuu amezoea kutumia kigezo cha kukatia bati na kukibadilisha ni gharama, labda mwenyewe hayupo na vijana hawana ruhusa ya kubadilisha kitu. Nadharia inajileta yenyewe. Tangu mwaka 1990 Wesley Cohen na Daniel Levinthal wameandika kuhusu uwezo wa kampuni kutambua maarifa yaliyo nje yake, kuyachukua na kuyatumia, na waliyatazama makampuni yenye maabara. Karakana isiyo na maabara, yenye maarifa yote kichwani mwa fundi na kwenye malalamiko ya wateja, inaijaribu nadharia hiyo mahali ambapo haijazoea.

Nisisitize hilo daftari la oda, kwa sababu wanafunzi hulidharau. Ni daftari la shule la kurasa 200, limelowa oili, lina tarehe, jina la mteja, kianzio alichoweka, salio, na pembeni maelezo mafupi: "kinywa kikubwa", "puli inchi 8", "aongezewe ungo wa pili". Ukilipanga kwa miaka minne au mitano unaona ombi la mteja mmoja linavyogeuka kuwa maombi ya watano, kisha linatoweka kwenye maelezo, kwa kuwa limeshakuwa sehemu ya mashine ya kawaida. Hapo umeona ubunifu ukipita kutoka shambani kwenda karakanani, kwa tarehe na kwa mwandiko wa mhusika. Dodoso la watu 333 haliwezi kukuonyesha hilo.

Kwa Tanzania kuna uwanja mwingine ulio wazi. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. TEMDO na CAMARTEC, zote za Arusha, zilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1980, moja kwa usanifu wa mitambo na nyingine kwa zana za kilimo na teknolojia za vijijini. Mashine zimesanifiwa huko kwa miongo minne. Mwombaji angechagua mashine moja tu, akaifuata kutoka kwenye mchoro: ilijaribiwa wapi, nani alipewa mchoro, fundi wa mtaani alibadilisha nini ili aweze kuitengeneza kwa chuma kinachopatikana, na ilifia wapi kama ilikufa. Mashine moja, iliyofuatwa vizuri, inatosha kabisa kwa shahada ya uzamili.

Wanaoomba kuandika tasnifu Ulaya, hasa Ujerumani ambako Waafrika Mashariki wengi huenda kwa ufadhili, wanakutana na utaratibu mwingine. Katika taasisi nyingi za vyuo vya huko hupangiwi msimamizi. Unaomba kama unavyoomba kazi. Unatuma wasifu, matokeo ya masomo na andiko fupi la mada, na taasisi ikiona huna swali inakuambia hapana. Tasnifu ya uzamili huko kwa kawaida ina uzito wa pointi 30 za masomo, na pointi moja huhesabiwa saa 25 hadi 30 za kazi, yaani saa 750 hadi 900 kwa ujumla, mara nyingi ndani ya miezi sita. Naupenda ukali wa utaratibu huo kwa sababu unakulazimisha ufikiri kabla ya kuanza. Unamwumiza hata hivyo mgeni anayedhani ombi ni fomu.

Kosa ninaloliona kwa ndugu zetu walioko huko ni kuandika kile wanachodhani Mjerumani anataka. Anaomba kuandika kuhusu Industrie 4.0, mpango wa viwanda vya kidijitali uliotangazwa kwenye maonyesho ya Hannover mwaka 2011, wakati mezani pa msimamizi yule yule kuna maombi mengine ya mada hiyo kutoka kwa wanafunzi waliofanya mafunzo ya kazi ndani ya viwanda vyenyewe. Na ilhali pale Hamburg, kwenye chuo kikuu cha teknolojia cha jiji hilo, taasisi ya usimamizi wa teknolojia na ubunifu iliyoongozwa kwa miaka mingi na Cornelius Herstatt imejijengea jina, pamoja na Rajnish Tiwari, kwa utafiti wa ubunifu wa gharama nafuu, ukianzia sana India. Mtu aliyekulia karibu na karakana za Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, ana cha kuwaambia watu wa namna hiyo. Asiandike "Afrika" kama kisa chake. Aandike Gerezani, aandike mashine ipi, aandike nani atampokea akifika.

Ila asisahau saa. Ukishaandikisha tasnifu kwenye ofisi ya mitihani ya chuo, tarehe ya kukabidhi imepangwa, na kibali cha utafiti hakiijui tarehe hiyo. Mwanafunzi wa chuo cha nje anayekuja kutafiti Tanzania anapaswa kupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Anayekwenda Kenya anaomba leseni NACOSTI, tume ya huko ya sayansi, iliyoundwa kwa sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013. Hata aliye kwenye chuo cha hapa hapa Tanzania anabeba barua ya chuo hadi kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anapewa barua ya kwenda wilayani, kisha halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata. Haya yote yafanyike kabla ya kuandikisha, na ombi liseme yamefika wapi.

Barua zikikamilika, fundi bado hajakubali. Mgeni mwenye kalamu anayeuliza umeuza mashine ngapi mwaka jana, kwake ni mtu wa kodi kutoka TRA mpaka ithibitike vinginevyo. Nenda na mtu anayefahamika pale. Usianze na mauzo. Anza na mashine, uliza kwa nini hapa pamechomelewa mara mbili, na mwenye kuipenda kazi yake ataongea mpaka wateja wamkatize. Mweleze mapema nini utaandika na nini hutaandika, na kama hataki jina la karakana lionekane, lisionekane. Kampuni kubwa hufanya hivyo hivyo kwa mikataba ya usiri, kwa nini fundi asiwe na haki hiyo?

Siku hizi kuna jambo jingine linaloyafanya maombi yafanane. Programu za akili mnemba huandika ule mwanzo wangu wa kwanza kwa sekunde chache, kwa lugha safi, pamoja na pengo la utafiti na malengo mahususi manne. Msimamizi anayepokea maombi kumi ya namna hiyo hana namna ya kumjua mwenye nia. Lakini programu haijafika karakanani, haijui karakana ya tatu ina tatizo gani, na haijaliona daftari. Sentensi mbili za mambo uliyoyaona kwa macho yako zina uzito kuliko kurasa tano za utangulizi usio na mahali.

Idara zetu zinaweza kubadilisha mambo mawili mwaka huu huu bila kusubiri bajeti. La kwanza ni fomu. Nafasi ya "umuhimu wa utafiti", ambayo kila mwombaji huijaza kwa watunga sera, wanataaluma na jamii kwa ujumla, ifutwe. Badala yake yaulizwe mambo mawili: ni nani, kwa cheo na mahali, anayekabiliwa na uamuzi unaotaka kuuelewa, na ni nani ameshakubali kukupokea? Asiyeweza kujaza arudishwe akatafute, mapema, akiwa bado na masomo darasani.

La pili ni tarehe ya kikao cha mapendekezo. Nyanda za Juu Kusini mavuno ya mahindi huanza kama Mei na kuendelea hadi Julai au Agosti, na huo ndio wakati mashine za kupukuchua zinanunuliwa, zinaharibika, zinarudishwa na kulalamikiwa. Jopo likikaa Julai na kibali kikatoka Septemba, mwanafunzi atawakuta mafundi wanachomelea mageti na madirisha, na hakuna mkulima wa kumhoji. Jopo likikaa Februari, anafika karakanani Machi, mafundi wakiwa wanakata bati za msimu, na anaweza kuifuata mashine moja kutoka mezani pa fundi hadi shambani, na kurudi nayo ikivunjika.